Aliyeuliza Kabla ya Kufungua Bandeji

Kadi yangu ya kliniki inakieleza kidonda changu kwa ukamilifu. Urefu upo, upana upo, kina kipo. Rangi ya nyama imeandikwa, na kama siku ile kilitoa usaha au harufu, nayo imeandikwa. Ukiisoma ukurasa kwa ukurasa utakiona kikipanuka wakati wa masika, kisha kingo zikianza kujivuta miezi ya baadaye. Kitu kimoja hakimo tangu ukurasa wa kwanza hadi karibu na wa mwisho, nacho ndicho kilichonikosesha usingizi, kikaniondoa kazini, kikanifanya niuogope mlango wa chumba cha vidonda. Maumivu hayakuandikwa kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyeyauliza.

Nimeugua kisukari nikiwa mkazi wa Jangwani. Nimefungwa kidonda zahanati, nimefungwa hospitali, nimefungwa kwenye korido ya nyumba tuliyopanga, na nimewaona majirani wakikimbia matibabu mpaka miguu yao ikakatwa. Watu wakiulizwa kwa nini mgonjwa wa sukari anachelewa kutibiwa, husema ni ujinga, au umaskini, au waganga. Vyote hivyo vipo. Lakini ipo sababu nyingine ambayo siisikii ikitajwa kwenye mikutano wala redioni: kufungwa kidonda kunauma, na mtu anayejua kwamba keshokutwa ataumizwa tena hutafuta kila njia ya kutokwenda.

Mimi ni fundi cherehani. Sehemu kubwa ya umri wangu nimekaa kwenye baraza la duka la vitambaa Kariakoo. Mteja ananunua mita zake ndani, akitoka nampima hapohapo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Vijana wengi sasa wana za umeme, lakini umeme wa barazani ni wa kuomba kwa mwenye duka, na ukikatika mimi naendelea. Watu hudhani fundi hula kwa mikono yake. Waulize mafundi wa kukanyaga, jioni wanapofunika mashine, wanaumwa wapi.

Sukari niligunduliwa nayo miaka kadhaa kabla ya kidonda, na miguu ilikwishaanza kunisumbua usiku. Nyayo zinawaka. Shuka likigusa vidole nashtuka. Nilizoea kulala miguu ikiwa nje ya chandarua, imegusa sakafu ya saruji, ili nipate ubaridi kidogo. Asubuhi nikivaa ndala siisikii, mpaka nitazame chini nione kama imo mguuni.

Kuwaka na kufa ganzi kwa pamoja kulinichanganya mpaka nilipoelezwa. Mishipa ya fahamu inayofika miguuni ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, na sukari ikikaa juu kwa miaka huanza kuiharibu kutokea kwenye ncha zake. Mshipa ulioharibika hupeleka kwenye ubongo habari za moto ambao haupo, na hukaa kimya msumari wa kweli unapoingia. Kwa hiyo mgonjwa huyohuyo, kwa mguu huohuo, usiku analia na mchana anakanyaga kitu chenye ncha asijue. Chini ya cherehani ya fundi yeyote kuna pini na vipande vya sindano zilizovunjika, na kimoja kiliingia kwenye unyayo wangu wa kulia. Mjukuu wangu ndiye aliyeona alama za damu koridoni akazifuata mpaka chumbani kwangu. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani napunga upepo.

Kuna utafiti wa hapahapa Dar es Salaam ambao ningependa kila mwenye sukari anayelala chini aujue. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas, aliyekuwa akitibu miguu ya wagonjwa wa kisukari Muhimbili, pamoja na wenzake, walichapisha habari za wagonjwa wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Wazee wetu walisema panya huuma na kupuliza. Kwa mtu ambaye mishipa yake imekufa, panya hana haja ya kupuliza. Nani wa Kariakoo au Jangwani atakayesema kwake hakuna panya? Soko la vyakula liko mitaa michache kutoka hapa, bonde la Mto Msimbazi liko upande wa pili, na maji yakipanda bondeni panya nao hupanda kutafuta pakavu. Niliposomewa utafiti ule niliuondoa mguu wangu sakafuni usiku uleule, nikaurudisha ndani ya chandarua uendelee kuwaka.

Ugonjwa wenyewe umetukuta hatujajiandaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 timu ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili ilipima watu wazima vijijini ikakuta wenye kisukari ni chini ya mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila kumi na mmoja, katika muda ambao msichana aliyezaliwa siku wale wa kwanza walipopimwa alikuwa anaanza kuwa mama. Vyumba vya kufungia vidonda havikuongezeka kwa mwendo huo, wala manesi.

Zahanati niliyoanzia sitaitaja, na sina kinyongo na waliofanya kazi pale. Nesi mmoja alikuwa na benchi zima la watu na beseni moja. Benchi liko nje ya mlango. Unasogea kadiri mwenzako anavyoingia, na kabla zamu yako haijafika umesikia yote yanayotokea ndani. Ukilala kitandani, gozi iliyokauka imeshikana na kidonda tangu juzi. Inavutwa. Inatoka pamoja na nyama changa nyekundu ambayo mwili umeihangaikia usiku na mchana, na damu ikitoka unaambiwa ni dalili njema. Kisha inamiminwa dawa inayotoa povu, spiriti inapitishwa kingoni, na gozi nyingine kavu inawekwa juu. "Jikaze mama, tunamaliza."

Nilijikaza. Kila mtu pale alijikaza. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba tangu mwaka 1962 mtafiti mmoja Mwingereza, George Winter, alikwishaonyesha kwa majaribio ya ngozi za nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu hujifunga haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Gozi kavu inayong'olewa inachelewesha kupona na inaumiza kwa pamoja. Mgonjwa anayepiga kelele gozi inapong'olewa huitwa mwoga, kumbe mwili wake unatoa taarifa sahihi kwamba kitu kizuri kinaharibiwa.

Nilipomwambia aliyekuwa akinifunga kwamba nasikia moto, alinijibu kwa upole kabisa kwamba watu wa sukari hawasikii maumivu miguuni, na mimi labda naogopa kuona damu. Alikuwa amefundishwa nusu ya jambo. Katikati ya kidonda ni kweli sikusikia kitu. Angeweza kuchomeka sindano. Kingoni na juu ya mguu, pale plasta inapobanduliwa, palikuwa na maumivu ya kunitoa machozi, na yalibaki mpaka usiku wa manane, muda mrefu baada ya yeye kuandika kwenye kadi: kidonda kimesafishwa, mgonjwa anaendelea vizuri.

Benchi lile lilikuwa na watu wake. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi, mfupa ukatoka nje, ukaungwa kwa vyuma, na tundu likakataa kuziba. Kulikuwa na mzee aliyevuta mkokoteni Kariakoo miaka mingi, miguu imejaa vidonda vya mishipa ya damu. Kulikuwa na mama muuza vitumbua, mwenye sukari kama mimi, tuliyezoeana mpaka tukawa tunaitana shoga. Nafasi zilianza kuwa wazi. Mzee alipotea kwanza. Kisha shoga yangu.

Tulikwenda kumtazama, mimi na jirani yake. Alituambia ana udhuru wa msiba. Kisha akasema nauli. Kisha mtoto wa dada yake anaumwa. Chai ilipokwisha akanigeukia: "Shoga, nikiukumbuka ule mkono na ile gozi, miguu inakataa kutoka nje." Alikuwa anafungua kapsuli za rangi mbili anamwaga unga kidondani, na juu yake anafunga kipande cha kanga. Asubuhi anauza vitumbua vyake ameketi, na wateja hawakujua. Mguu wake ulikatwa chini ya goti mwaka uliofuata. Faili lake, nina hakika, linasema mgonjwa hakuhudhuria kliniki.

Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Neno "hakuhudhuria" linamweka yeye kwenye kosa na kulifunga shauri. Hakuna aliyemfuata kumwuliza alikimbia nini.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kuvumilia. Mwanamke akijifungua asisikike chumba cha pili. Mvulana akilia jandoni ni fedheha kwa ukoo. Subira naiheshimu, imenivusha mahali ambapo hakuna dawa ingenivusha. Ila mgonjwa akinyamaza, anayemtibu anakosa habari. Na ndani ya maumivu kuna habari nyingi: yalipo, yanapoanza, yanapwita au yanachoma, yameongezeka au ni yaleyale, yanazidi ukishusha mguu au ukiuinua. Mwaka 1968 nesi mmoja wa Marekani, Margo McCaffery, aliandika kwamba maumivu ni yale ambayo mwenye nayo anasema ni maumivu, na yapo pale anaposema yapo. Kwa wauguzi wa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Kwa benchi letu lingekuwa zito hadi leo.

Aliyebadilisha mambo kwangu alikuwa nesi mstaafu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Watoto wa mtaani humwita Bibi Nesi, na hakuna mama wa mtaa ule ambaye hajawahi kumpelekea mtoto mwenye homa saa nane za usiku. Alinikuta barazani nikichechemea, akaniambia jioni anakuja. Alikuja na beseni lake na sabuni yake. Nikatandaza mkeka koridoni, nikanyoosha mguu, nikauma ncha ya kanga kama nilivyozoea. Akakaa tu. Hakugusa kitu.

"Mdogo wangu," akasema, "kabla sijafungua, niambie. Panauma wapi, na panauma vipi?"

Sikuwa na jibu tayari. Nilianza kulia kabla ya kusema, na alinisubiri. Kisha nikamweleza: moto wa usiku, plasta, kingo, na hofu inayoanza tangu jana yake. Akataka niyape maumivu namba, sifuri yakiwa hayapo, kumi yakiwa makubwa kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nikamwambia nilipojifungua mtoto wa pili ilikuwa kumi, kwa hiyo hapa gozi inapong'olewa ni nane. Aliandika nane kwenye kadi yangu, kwa kalamu yake, pembeni ya vipimo vya kidonda.

Aliyoyafanya baada ya hapo hayakuhitaji mashine wala fedha nyingi. Nilimeza paracetamol, tukazungumza kama nusu saa habari za watoto wake walioko Mwanza. Alikuwa ameniagiza nichemshe maji, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nikayafunika yapoe. Aliyamimina juu ya bandeji bila kuivuta, akaacha yanywee, akamimina tena, mpaka gozi ikaanza kuelea yenyewe. Aliniachia mimi niibandue. Hilo sikuwahi kulifikiria: mkono wangu mwenyewe, kwa mwendo wangu, na ninaposimama hakuna anayenihimiza. Tulikubaliana kwamba yeye akigusa nami nikiinua kidole cha shahada, anaacha hapohapo, bila kuuliza kwa nini. Niliinua mara chache sana. Kujua kwamba ataacha kulinitosha.

Spiriti aliikataa. Ile ya povu aliikataa. Juu ya kidonda aliweka gozi yenye jeli ya mafuta isiyoshikana na nyama, niliyoinunua famasi kwa bei iliyonifanya nikae nikafikiri, kisha tukagundua kwamba kwa kuwa haihitaji kubadilishwa kila siku mwisho wa mwezi nilikuwa nimetumia pungufu. Siku ya tatu aliniuliza tena namba. Nikasema tano.

Majirani nao walikuwa na dawa zao na sitawacheka, kwa sababu kila aliyeleta alileta kwa huruma: majani ya mwarobaini, unga wa kahawa, majivu, asali ya Tabora kwenye chupa ya soda. Bibi Nesi alizipokea zote kwa shukrani, akaziweka kando, akawagawia waliozileta kazi. Mmoja achote maji. Mwingine apike mboga bila mafuta mengi. Kijana wa chumba cha mbele, anayeshona viatu mitaa ya Kariakoo, alipewa kazi kubwa kuliko zote: kunikatia makubazi ya tairi yenye sponji nene ndani, na kutoboa sponji mahali panapokaa kidonda ili uzito wa mwili usikandamize pale. Hospitali kubwa hufanya jambo hilohilo kwa plasta maalumu. Kidonda cha unyayo hakiponi kikiendelea kukanyagwa, hata kikimiminiwa dawa ya dhahabu. Kwa hiyo cherehani ya kukanyaga iliwekwa pembeni. Nikaazima ya mkono, nikawa nashona pindo na kupiga vifungo, kazi ya senti ndogo lakini kazi.

Bibi Nesi alinipima pia kwa uzi. Mimi niliyeshika nyuzi maisha yangu yote sikujua kwamba kuna uzi wa nailoni unaotengenezwa kwa makusudi, ukigusishwa unyayoni na kupinda unakuwa umekandamiza kwa uzito wa gramu 10, na mtu asiyeusikia huhesabiwa kuwa mguu wake hauna tena ulinzi. Nilifumba macho. Alinigusa sehemu kadhaa. Nilisikia chache. Aliniambia uzi ule aliupata kwenye mafunzo ya utunzaji wa miguu, mpango ulioanza mwaka 2004 Tanzania na India, Dk. Abbas akiwa mmoja wa waanzilishi, ambao uliwafundisha daktari na nesi wa kituo kimoja pamoja ili wakirudi wasipingane.

Kwa ule moto wa usiku paracetamol haikufua dafu. Wengi mtaani hununua diklofenaki, au huchomwa sindano yake, na kweli inatuliza kwa saa kadhaa. Lakini figo za mgonjwa wa sukari tayari zina mzigo, na dawa hiyo inazidisha. Bibi Nesi alinipa barua fupi nimpelekee daktari wa kliniki. Daktari aliisoma, akauliza maswali yaleyale aliyoniuliza yeye, akaniandikia amitriptilini, kidonge kidogo cha bei nafuu cha kumeza jioni, kilichotengenezwa zamani kwa ajili ya sonona na baadaye kikaonekana kinatuliza mishipa iliyoharibika. Wiki za mwanzo nilikuwa na kinywa kikavu na usingizi mzito. Moto haukuondoka. Ulishuka kutoka saba mpaka nne, na mtu mwenye nne hulala. Naomba anayeandika sera za afya akae na sentensi hiyo kidogo.

Masika yale mvua haikukatika. Wanaoishi hapa hawahitaji kuelezwa: Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na watu wa Magomeni na Kariakoo hutazamana ng'ambo na ng'ambo ya maji. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeiona tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa, na baada yake familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Masika yangu haikuwa kama ile, lakini maji yalifika uani, na kufunga kidonda kukawa kazi ya kwenye kitanda, mguu juu ya mto, mfuko wa nailoni juu ya bandeji kila nikienda chooni.

Jioni moja ya siku hizo Bibi Nesi aliniuliza namba, kama kawaida yake. Nikamwambia sita. Akauliza ni moto uleule? Nikafikiri. Hapana, haya ni ya ndani, yanapwita, yameanza leo. Mahali penyewe ni pale katikati ambapo sikuwa nikisikia kitu.

Aliweka beseni chini. Alikuwa hajafungua hata bandeji. Aliniambia tunakwenda hospitali sasa hivi, kwa sababu mguu uliokufa ganzi ukianza kuuma upya mara nyingi kuna usaha unaojificha chini, na usaha haungoji maji yapungue. Kijana wa viatu na mwenzake walinibeba mpaka bajaji iliposimama. Nilipasuliwa usiku ule, usaha ukatolewa, nikachomwa dawa mshipani. Daktari aliyenipasua alisema ingepita siku nyingine mbili angekuwa anazungumza nami habari za kukata. Kwenye ngozi, kwa macho, kidonda kilikuwa hakijabadilika. Rula isingeona chochote.

Jangwani tuko karibu na hospitali kubwa kuliko zote nchini. Ukitokea kituo cha Faya ukavuka Barabara ya Morogoro, hata mwenye magongo anaiona Muhimbili mbele yake. Ukaribu huo unadanganya. Muhimbili ni hospitali ya taifa. Mtu wa kidonda hupitia zahanati, kituo, hospitali ya wilaya, kwa barua za rufaa, na kidonda kinachotaka kufunguliwa mara tatu kwa wiki kwa miezi hakiwezi kubebwa na mlolongo huo. Kinatibiwa mtaani au hakitibiwi. Ndiyo maana nasema ubora wa huduma ya vidonda uanze kupimwa koridoni.

Wala si jambo geni kwetu. Wakati wa UKIMWI, kabla dawa hazijafika, watu wa Dar es Salaam walihudumiwa majumbani. PASADA, shirika la Jimbo Kuu Katoliki lililoanza mwaka 1992, lilikuwa na watu wakiingia vyumba kwa vyumba kuosha vidonda ambavyo ndugu wengine waliogopa kuvigusa. Wenzetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi upande wa maumivu. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, morfini ya maji ikapelekwa mpaka vijijini, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu manesi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Kidonda changu hakikuhitaji morfini. Nilichojifunza kwao ni kwamba nchi maskini ya jirani iliamua maumivu ni kazi ya nesi, ikampa nesi mamlaka nayo.

Hapa kwetu serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikisha 137,294 ndani ya miaka mitano. Niliposikia namba hiyo redioni nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa habari ya hospitali yoyote mpya, na pia niliogopa. Vijana hawa watafundishwa mengi: chanjo, uzazi, kifua kikuu, lishe, shinikizo la damu. Wakifundishwa kidonda bila maumivu, tutakuwa tumelipeleka benchi la zahanati majumbani kwa watu, na huko hakuna hata pa kukimbilia.

Kuna hofu nyingine ambayo sijui nani wa kuipelekea. Huduma ya mtaani inahitaji mtaa uwepo. Bonde letu linaendelezwa, watu wa bondeni wamelipwa fidia na nyumba zao zimevunjwa, na kwa mafuriko yale tuliyoyaona siwezi kusema ni vibaya. Upande wa Kariakoo nyumba za Kiswahili zenye korido na ua zinageuka maghorofa ya stoo. Kijana aliyenikatia makubazi amehamia Chanika. Waliochota maji wametawanyika. Mgonjwa anayepewa chumba pembeni ya jiji, mbali na kila aliyemjua, nani atainua mguu wake juu ya mto? Kwenye hesabu za fidia huwa zinaandikwa kuta na mabati.

Kidonda changu kilifunga. Kimeacha kovu jembamba ninalolikagua kila usiku kwa kioo cha kunyolea. Moto wa miguu bado ninao; leo nikiandika ni tatu. Nimerudi barazani na cherehani ya mkono, na siku za Jumamosi mimi na Bibi Nesi tunazunguka na mhudumu mpya wa mtaa wetu, binti mpole anayeniamkia kwanza ndipo afungue daftari. Daftari lake lilikuja na safu za jina, umri, sukari, presha na hali ya kidonda. Safu ya maumivu ameichora mwenyewe kwa rula, baada ya kubishana sana na Bibi Nesi kama inaruhusiwa. Yule kijana wa bodaboda tumempata, anaishi kwa dada yake, tundu la muundi bado liko wazi. Mara ya kwanza alisema tisa na akakataa kufunguliwa. Binti akaandika tisa, akampa paracetamol, akamwambia tutarudi baada ya adhuhuri. Tuliporudi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, bandeji ameshailowesha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Akasema sita, tuanze.